Kutoka Mombasa hadi Jeddah: Safari ni Saa Ngapi?



Kila mwaka ukikaribia mwezi wa Rajabu, baada ya darasa la akina mama la Alhamisi alasiri, hakosi mmoja wa kubaki nyuma, akasubiri wenzake watoke, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, kwani kutoka hapa hadi Jeddah ni saa ngapi?" Anayeuliza huwa ameshaanza kuweka akiba, na mara nyingi hajamwambia hata mumewe. Zamani nilikuwa nikimjibu kwa neno moja tu: nne. Alikuwa akienda zake amefurahi, nami nikiona nimemsaidia. Tangu safari ya Rajabu ya mwaka juzi sithubutu tena kujibu hivyo, na makala haya ni jawabu refu la swali hilo fupi.

Tuanze na ardhi yenyewe. Atakayefungua ramani akaweka kidole Mombasa, kisha akakipandisha juu moja kwa moja bila kukipinda kulia wala kushoto, kidole chake kitapita Habasha, kitavuka Bahari ya Shamu, na kitafika Makka. Mji wetu na mji wa Makka iko karibu sana ya kuwa kwenye mstari mmoja wa longitudo. Tofauti yake haifiki hata sehemu mbili za kumi za nyuzi moja. Kwa hivyo jua likipinduka Makka, haipiti dakika nzima ila limepinduka na huku kwetu. Saa za ukutani pia ni zile zile, hapana kusogeza mbele wala nyuma. Na ndiyo sababu kibla cha Mombasa ni kaskazini halisi. Wazee wetu wa baharini waliuita upande ule wa kaskazini kwa jina hilo hilo la kibla, wala hawakuwa wamekosea.

Anayetaka kulihakiki jambo hili hahitaji kifaa chochote. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 27 au 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa sita na dakika 27, jua husimama juu ya Kaaba sawasawa. Mama asimamishe mwiko wima uani kwake wakati huo. Kivuli kitalala kuelekea kusini, kirefu kama nusu ya mwiko, na atakayesimama akatazama kinyume cha kivuli hicho ameielekea Kaaba. Watoto hulipenda zoezi hili, nami nimeona misikiti miwili mitatu ambayo ingefaidika nalo, lakini hilo tuliache leo.

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Mombasa hadi Makka ni takriban kilomita 2,820. Ukilinganisha na barabara ya Mombasa na Nairobi, ambayo ni kama kilomita 480, basi Makka ni safari ya Nairobi mara sita hivi. Ndege kubwa ikiwa angani hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Lau ndege ingepaa Mombasa ikaelekea kaskazini bila kusimama, saa tatu na nusu hadi nne zingetosha.

Babu yangu mzaa mama aliitumia njia hiyo hiyo ya kaskazini mwaka 1946. Aliondoka Mji wa Kale kwa jahazi mwezi wa Aprili upepo wa kusi ulipoanza kukaza, akafika Aden, akangoja, akapata chombo kingine cha kumpeleka Jeddah, akangoja tena mpaka Hija ilipofika mwezi wa Novemba, kisha akarudi na kaskazi. Alitia nanga hapa mwezi wa Februari. Alipoondoka, mkewe alikuwa na mimba. Aliporudi alimkuta mtoto wa kike wa miezi minane anatambaa kwenye baraza, naye hamjui. Mtoto huyo ndiye mama yangu, na ndiye niliyesafiri naye Rajabu ile, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Mwenyewe husema kwamba alijua Makka iko mbali kabla ya kujua kutembea.

Sasa tuje kwenye tiketi, kwa sababu ndege za leo hazifuati kidole kwenye ramani. Msafiri wa Mombasa mara nyingi hupitia mji mwingine kwanza. Akipitia Nairobi, huenda kilomita zipatazo 420 kuelekea magharibi na kaskazini, kwa muda usiofika saa moja angani (au kwa treni saa tano, kwa wasiopenda ndege mbili), kisha Nairobi hadi Jeddah ni kilomita kama 2,560, karibu saa nne. Akipitia Addis Ababa, hana alichopoteza kwa umbali, maana Addis Ababa nayo iko karibu kabisa na mstari ule ule, na iko katikati hasa: kilomita 1,440 hivi kutoka Mombasa, na 1,400 hivi kutoka hapo hadi Jeddah. Kila nikitazama njia hiyo hukumbuka kuwa ni nchi ile ya Najashi, na kwamba Masahaba waliohamia kwake waliivuka bahari hiyo hiyo, wao wakielekea kusini na sisi tukielekea kaskazini. Na anayeruka njia hii huwa na neema moja asiyoijua: kiti chake kimeelekea kibla muda wote. Pua ya ndege ndiyo mihrabu.

Ama anayepitia Ghuba, habari yake ni nyingine. Nairobi hadi Dubai ni kilomita 3,550, saa tano. Dubai hadi Jeddah ni kilomita 1,700, kama saa tatu wakati wa kwenda. Miezi ya baridi, pepo za juu kule huvuma kutoka magharibi, kwa hivyo kwenda Jeddah huchukua muda zaidi na kurudi Dubai huwa kwepesi. Jumla ni kilomita 5,250, mara mbili ya njia iliyonyooka, na hapo hatujahesabu masaa ya kungoja uwanjani.

Kundi letu lilikuwa na watu thelathini na mmoja, wengi wao akina mama, nami ndiye niliyekuwa mwongozaji wao. Tulikuwa tumelipia ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Wiki mbili kabla ya safari, wakala wetu alinipigia simu akaniambia viti vimehamishwa, tutapitia Dubai. "Bei ni ile ile, Maalim," akasema, "na mtaiona Dubai." Nilikasirika kidogo kwa ajili ya wazee, kisha nikanyamaza. Lililonipa shughuli zaidi lilikuwa jambo ambalo wakala hakulifikiria hata kidogo, nalo ni mikati.

Wasomaji wetu wanajua kwamba mwenye kukusudia Hija au Umra hana ruhusa ya kupita mpaka uliowekwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, bila ya kuhirimia. Mipaka hiyo ni mitano, kila upande na wake. Watokao Madina wana Dhul-Hulayfa, watokao Sham na Misri wana Juhfa, watokao Iraq wana Dhat Irq, watokao Najd wana Qarn al-Manazil, na watokao Yemen wana Yalamlam. Mtu hafuati mikati ya kwao bali ya njia anayoipita. Sisi wa pwani tukija kutoka kusini juu ya bahari, hulinganisha na Yalamlam. Tukija kutoka Dubai tunaingia kwa mlango wa mashariki, na mlango huo ni Qarn al-Manazil, ambayo leo watu wengi huijua kwa jina la Sayl al-Kabir, karibu na Taif. Kwa hiyo siku wakala alipobadilisha tiketi, alitubadilishia na mikati. Nilirudi madrasa, nikafuta ramani niliyokuwa nimechora ubaoni, nikachora nyingine.

Kuna mas'ala ya zamani hapa ambayo mashekhe wetu wa pwani, waliosoma kwa silsila za Hadhramaut, waliyajadili sana. Ibn Hajar al-Haytami, aliyeishi Makka katika karne ya 10 ya Hijria, aliona kwamba anayetoka Yemen kwa njia ya bahari anaweza kuchelewesha ihramu hadi Jeddah, kwa hoja ya umbali: Jeddah na Yalamlam zote ni marhala mbili na Makka. Wanazuoni wengine wakampinga, wakasema Yalamlam ikipimwa ni mbali zaidi kuliko Jeddah. Wasomi wakubwa hao walikuwa wakibishana juu ya kilomita chache tu, maana walijua kuwa ibada ya watu imesimama juu yake. Mimi nililisoma hilo ujanani na kuliona ni jambo la vitabuni. Na hata hivyo rai ya Ibn Hajar ni ya mwenye kuja kwa bahari. Mwenye kuruka juu ya Taif haimhusu.

Dubai, wanaume walikoga na kuvaa shuka zao. Nikawakusanya wote pembeni, nikawaambia: shuka si ihramu, ihramu ni nia. Msinuie bado. Rubani atatangaza kabla hatujafika mikati, nami nitanyanyua talbiya, nanyi mtanifuata. Nilisema hivyo kwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi, kuhirimia mikatini ndiko bora, ingawa anayetanguliza ihramu yake inasihi. Nilitaka wapate lililo bora. Basi nikawafunga watu thelathini kwenye macho yangu mawili, ambayo yalikuwa hayajalala tangu Mombasa.

Kabla hatujapanda, mama alinivuta kando. Bibi harusi mmoja katika kundi letu, ameolewa miezi miwili, alikuwa ameona ada yake pale pale uwanjani na amejifungia chooni analia. Amedhani Umra yake imekwisha kabla ya kuanza. Hakuweza kuniambia mimi, akamwambia mama. Nilimwomba mama amwelezee kwamba Asmaa binti Umays alijifungua mtoto pale Dhul-Hulayfa, na Mtume hakumrudisha, bali alimwamuru aoge, ajifunge vizuri, ahirimie. Binti huyu naye akoge kama atapata nafasi, ajistiri, anuie pamoja na wenzake, alete talbiya na dhikri. Atakalozuiliwa ni kutufu mpaka atoharike, na sa'yi humfuata tawafu. Kwa kuwa amehirimia, atajilinda na manukato, na kukata kucha na nywele, na nikabu na glavu, na yale ya mume na mke. Akavuka pamoja nasi. Alikaa katika ihramu siku tano hotelini, wenzake wakenda na kurudi, naye anawapikia chai. Siku ya sita alitoharika, akaoga, akenda kutufu alfajiri. Asubuhi yake basi la Madina likaondoka.

Hapa ndipo akina mama wanapohitaji kuuliza swali kubwa zaidi kuliko la saa ngapi. Kabla hujalipa, muulize wakala: tunaanza Makka au Madina? Tunakaa Makka siku ngapi? Ukitanguliza Madina, ndegeni huna ihramu ya kuiwazia, utahirimia kwa utulivu Dhul-Hulayfa, na pengine siku zako zitakuwa zimepita. Ukitanguliza Makka kwa siku tatu tu, na hesabu yako ya mwezi inaangukia hapo, utakuja kuondoka Makka una deni la tawafu. Mwanamke ndiye anayejua hesabu hiyo. Wakala haijui, na mume mara nyingi haikumbuki. Hapana haya katika kuitaja mapema, na imamu wako akiulizwa atakujibu.

Nirudi ndegeni. Mama alikaa karibu nami, dirishani. Ndege ilipotulia akaniuliza, "Mwanangu, hicho kituo cha kunuia kiko wapi?"

"Kiko chini, mama. Tutapita juu yake."

"Kwa mwendo huu?"

Nikamwambia mwendo wetu ni kilomita kumi na tano kila dakika. Hakusema kitu. Alitazama mawingu, akajifunika vizuri mtandio, na midomo yake ikaanza kutikisika. Nikadhani anasoma uradi wake wa asubuhi. Kumbe alikuwa ananuia, pale pale, zaidi ya saa mbili kabla ya mikati, na akina mama wa kiti cha nyuma walipomsikia analeta talbiya walimfuata. Walidhani ni mimi niliyemwagiza.

Nami nikalala. Sikulala kwa kukusudia; niliegemeza kichwa nikiwa na tasbihi mkononi, na nilipofumbua macho magurudumu yalikuwa yanagusa ardhi ya Jeddah. Tangazo lilikuwa limetolewa, kwa Kiarabu na Kiingereza, kwa sauti isiyofika vizuri nyuma. Waliolielewa walinuia. Wengine walingoja talbiya ya Maalim. Nilimgeukia mama nikamwuliza kwa nini hakuniamsha. Akashangaa. "Nilikuona umefumba macho, nikasema anasoma. Kwani hukunuia?"

Tulipojihesabu ukumbini, kumi na tisa walikuwa wamehirimia, wengi wao kwa sababu ya mama. Kumi na wawili hawakuhirimia, na wa kumi na mbili ni mimi. Baadhi yao wakapendekeza kila mmoja achinje mbuzi, mambo yaishe, watu wamechoka. Ikabidi nieleze, na uso wangu ukiwa chini, kwamba fidia si bei ya kununulia ruhusa. Aliyepita mikati bila ihramu, akiweza kurudi, ni wajibu arudi, na akirudi akahirimia kutoka huko basi hana la kuchinja. Mzee mmoja ana kisukari na miguu ilikuwa imemvimba. Huyo alihirimia pale alipo, na mnyama wake akachinjiwa mafukara wa Makka. Niliyelipa ni mimi, maana aliningoja mimi. Kumi na mmoja tukakodi gari.

Kutoka Jeddah hadi Sayl al-Kabir, ndege ilikuwa imeikata masafa hayo kwa muda ambao mtu anakunywa kikombe cha kahawa. Sisi tulichukua zaidi ya saa mbili na nusu barabarani, tukipanda milima, na jua likatutulia njiani. Hapana aliyenilaumu. Ningependa wangenilaumu. Kijana mmoja aliyekaa kwa dereva alikuwa akisoma vibao vya kilomita kwa sauti, 90, 70, 50, kwa nia njema kabisa, na kila kibao kilinichoma. Tulipofika, tulikuta msikiti mkubwa, mahodhi, na baridi ya milimani ya mwezi wa Januari ambayo sisi wa pwani hatuijui. Tulikoga maji baridi, tukaswali rakaa mbili, tukanuia. Talbiya yangu usiku ule niliileta kwa sauti kubwa kuliko nilivyopata kuileta maishani, na dereva akageuka kunitazama.

Kutoka hapo kuteremka Makka ni kilomita zisizofika themanini. Tulifika hotelini saa tisa za usiku. Nilitarajia wale kumi na tisa watakuwa wameshamaliza Umra yao na wamelala. Niliwakuta wamekaa ukumbini, wengine wamesinzia juu ya mabegi, na mama katikati yao kwenye kiti cha magurudumu. Walikataa kwenda. Mama alinitazama kutoka juu hadi chini, akaona shuka zangu zimelowa mapindo.

"Imekuwa saa ngapi basi, safari hii?" akauliza.

Nikamwambia sijui, mama. Akasema tusukume kiti, alfajiri inaingia.

Wakati wa kurudi tulipita Dubai tena. Kutoka hapo ndege ilielekea kusini na magharibi, na mama akataka kujua Kaaba iko upande gani. Nikamwonyesha: mkono wa kulia. Baada ya saa mbili akauliza tena, nikamwambia sasa ni kulia na nyuma kidogo. Kisha nyuma zaidi. Kila nilipomwambia aligeuka kwenye kiti chake akatazama huko, ingawa hapakuwa na kitu cha kuona ila viti na abiria waliolala. Tulipotua Nairobi shingo ilikuwa inamuuma, na alipofika nyumbani Mombasa wajukuu walimpaka mafuta ya karafuu siku tatu.